Visanduku Vyekundu vya Mpwa Wangu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,
pamoja na huyo mwalimu wenu wa kwenye kompyuta.

Kuhusu: Binti wa dada yangu kunyimwa ufundi bomba na rangi nyekundu

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Salamu nyingi zikukute hapo ulipo, juu ya kiti chako kinachozunguka. Mimi ni mzima, ukiondoa hasira. Anayekuandikia ni fundi bomba wa mtaa wa nyuma ya soko, ambaye watu wa heshima humwita Fundi na watu wanaomjua humwita Kidole Gumba. Jina hilo nililipata kihalali, na nitakueleza asili yake hapo mbele, ukishakaa vizuri.

Naandika kwa kalamu na karatasi kwa sababu mfumo wenu wa mtandaoni una kijinafasi kinachoitwa "Maoni ya Msimamizi" ambacho kinamkata mtu mzima maneno akiwa katikati. Mara ya mwisho kilinikata nikiwa ndiyo kwanza namaliza salamu.

Mambo yenyewe ni haya. Mpwa wangu anasoma ufundi bomba kwenu. Nadharia anaisomea kwenye simu, vitendo anavifanyia kwangu, na mimi ndiye Msimamizi wa Mafunzo Kazini. Cheo hicho sikujipa. Mlinipa wenyewe kwa barua yenye muhuri, nami nimeibandika ukutani juu ya televisheni ili wageni waisome wakati wa matangazo. Kila kazi ikifanyika inarekodiwa video, video inapandishwa kwenye jukwaa lenu, na mwalimu akiitazama anapaka rangi kwenye kisanduku cha kigezo kinachohusika. Nyekundu maana yake Hajafikia. Kijani, Amefikia. Bluu, Amevuka. Na kikibaki chekundu hata kimoja, cheti hakitoki.

Sasa kuna hospitali mpya karibu na stendi inayotafuta fundi bomba. Walimwona mpwa wangu, wakamuuliza maswali, wakampenda. Wakamwambia, "Binti, tuletee cheti kabla ya Ijumaa jioni. Usipoleta, nafasi inakwenda kwa anayekufuata." Leo ni Jumanne, Mkuu. Jedwali lake lina wekundu kama mtu mwenye surua. Dada yangu hali akashiba, na kila akininyooshea sahani ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepaka hizo rangi.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, nimeyapa namba, ili msije mkasema fundi hajui kupanga.

1. Kuhusu kukataa kujumlisha.

Mpwa wangu ana visanduku vizuri vingi kuliko vibaya. Hilo hata kuku analiona. Enzi zetu shuleni (nami nilisoma, nisidharauliwe, niliiacha shule kwa hiari yangu, baada ya shule kutangulia kuniacha) mtu alipata tisini kwenye kilimo na kumi na mbili kwenye hesabu, mwalimu akajumlisha, akagawanya, mtoto akavuka darasa na mzazi akacheka. Ninyi mnasema vigezo havijumlishwi wala havigawanywi. Eti kila kimoja kinasimama peke yake, kama mzee mwenye kisirani.

Nilimpigia simu mwalimu wenu, nikamdai maelezo. Akanijibu kwa sauti ya upole iliyonichoma zaidi ya matusi. "Mzee," akasema, "fundi anayejua kuunganisha bomba lakini hajui kulipima kama linavuja, hatuwezi kumwita nusu fundi. Maji yakitoka nyumba hailowi nusu."

Mzee! Mimi! Huu weupe kichwani ni chokaa ya kuta za watu. Nikamjibu kwamba mimi nina ngazi iliyopungukiwa kipandio kimoja na naipanda kila siku ya Mungu. Habari za goti langu sikumwambia, kwa kuwa hakuniuliza.

2. Kuhusu kudharau historia.

Mfumo wenu hauna mahali pa kuandika mambo makubwa ambayo mtu amekwisha kuyafanya. Una mahali pa video tu. Sasa sikiliza.

Mwaka ule bomba kuu la mji lilipasuka pale mbele ya soko. Wahandisi walikuja na magari, na kofia ngumu, na michoro mirefu kama mashuka. Wakaitandaza michoro, wakaizunguka, mmoja akaikanyaga. Maji yanapanda juu, wachuuzi wanaelea na nyanya zao. Nikawaambia, "Wasomi, sogeeni." Nikachomeka kidole gumba hiki cha kulia kwenye lile tundu. Mkuu, maji yalininyanyua kutoka ardhini mpaka nikawa natazamana na paa la benki, lakini kidole hakikutoka. Nilikaa pale juu. Watu walinirushia mkate, nikala. Kuna mama alijifungua palepale kwenye umati uliokuja kunitazama, na mtoto huyo leo anafundisha sekondari. Nilishuka siku walipofanikiwa kuzima pampu, nikaenda nyumbani kubadilisha shati.

Utaniuliza picha ziko wapi. Simu zote zililowa.

Niliomba kwa adabu tukio hili lihesabiwe kwenye kigezo cha Kudhibiti Uvujaji wa Dharura, kwa faida ya mpwa wangu. Mwalimu akaandika jibu hili, nanukuu neno kwa neno: "Kidole si kifaa kinachokubalika. Pia, wakati huo mwanafunzi alikuwa hajazaliwa." Nakuuliza wewe, mtu mwenye ofisi: kutokuzaliwa ni kosa la mtoto?

3. Kuhusu mikono.

Hapa ndipo penye jipu. Chini ya kila kisanduku chekundu mwalimu ameandika maneno yaleyale, kama kasuku aliyefundishwa sentensi moja: "Ushahidi unamwonyesha msimamizi. Tafadhali tuma unaomwonyesha mwanafunzi."

Mimi sikatai. Video zinanionyesha. Kwenye ile ya beseni la saluni ni mgongo wangu, kwenye ile ya tangi ni miguu yangu, na kwenye ile ya sinki la jikoni kwangu tumbo langu limechukua sehemu kubwa, kwa sababu chini ya sinki ni padogo na tumbo ni langu. Lakini elewa yalivyotokea.

Kila tukianza kazi ninampa mpwa wangu spana na kumwambia, "Leo kazi ni yako, mwanangu. Mimi ni macho tu." Namaanisha kabisa. Naishika simu, narekodi. Yeye anaingia chini ya sinki, halafu anaanza kupima. Anapima, Mkuu! Anaweka alama kwa penseli. Halafu, bomba likiwa halijaenda popote, anapima tena. Mimi ni binadamu. Mkono unaondoka wenyewe. "Hebu nishikie simu kidogo nikuonyeshe," namwambia. Na hicho kidogo, nakiri, huwa kinafika mpaka mwisho wa kazi.

Lakini yeye yumo! Tega sikio kwenye ile video ya sinki. Utamsikia wazi anasema, "Mjomba, niachie basi hata nati moja." Nami namjibu, "Subiri, mwanangu, nati hii ni kaidi, haijakuzoea." Anasema tena, "Mjomba, nina mtihani." Namjibu, "Ndiyo maana nakusaidia." Sauti hiyo ni ya nani? Ya jirani? Na simu haikutikisika hata mara moja. Mwenye mkono mtulivu hivyo si fundi ni nini?

Zaidi ya hayo, mjomba ni mama mwenye ndevu. Wahenga walisema hivyo, na kama hawakusema walighafilika. Basi mkono wangu ni mkono wa mamake, na mkono wa mamake ndio uliomlea yeye na mikono yake. Ukifuata ukoo taratibu, yeye ndiye aliyeifunga ile nati. Na aliifunga kwa ustadi ambao ninyi hamuufundishi kwa sababu hamuujui: badala ya mpira wa dukani, mlango wa bomba ulizibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi ya viatu. Sinki hilo litatuzika sote.

4. Kuhusu vile visanduku vizuri, ambavyo ni matusi matupu.

Niliposikia mpwa wangu ana vigezo vya bluu, nikavaa miwani ya Mama Watoto kuvitazama, nikijua nitakuta mambo mazito. Nikakuta nini? Kuvaa glavu: Amevuka. Kufagia eneo la kazi: Amevuka. Kumwandikia mteja risiti: Amefikia. Kufunga koki kuu ya maji kabla ya kuanza: Amevuka, na pembeni mwalimu ameongeza "Vizuri sana!" na alama ya mshangao.

Yaani kazi zote ninazomwachia kwa sababu si kazi, ndizo mmezivika taji. Chuo kizima, na umeme wake na viyoyozi vyake, kinafundisha kufagia! Na hiyo koki kuu msinitajie. Mimi maisha yangu yote nafanya kazi maji yakiwa wazi. Fundi anayefunga maji kwanza ni sawa na mpishi anayezima moto ndipo apike. Maji yakiwa hayapo, bomba litamwogopa nani?

5. Kuhusu yule mwenye saluni.

Kigezo kinasema: "Anasikiliza tatizo la mteja kabla ya kupendekeza suluhisho." Tulipoingia saluni, mwenyewe alifungua mdomo. Kabla hajaufunga nilikuwa nimeshamweleza tatizo lake, na la jirani yake, na kisa cha bomba kuu kuanzia mwanzo. Haya ndiyo yanaitwa huduma ya haraka. Yule mama akawa anamtazama mpwa wangu anasema, "Jamani, mimi nimewaitia beseni. Huyu mbona anafungua choo?" Nikamwambia, beseni ni dalili, choo ndicho ugonjwa. Akaenda akakaa kwenye kile kiti cha kukaushia nywele, akawasha mashine asinisikie. Kisanduku: chekundu. Mteja ameridhika mpaka amekaa, bado chekundu!

6. Kuhusu ushuhuda wangu.

Mliniomba niandike ushuhuda wa msimamizi. Nikakaa kitako, nikaandika kwa mapenzi yote: "Siku ya kazi mwanafunzi alisimama kwa adabu na kumulika tochi, huku fundi mkuu akifanya maajabu ambayo mwenye saluni aliyaona akashika kichwa kwa mikono miwili." Jibu la mwalimu: "Asante kwa ushuhuda. Tafadhali fafanua unamhusu nani."

Sijamjibu mpaka leo. Kuna maswali ambayo mtu akiyajibu anajishusha.

7. Kuhusu ugonjwa huu kuingia nyumbani kwangu.

Mngekuwa mmeishia kwenye mabomba ningevumilia. Lakini Mama Watoto naye amejifunza. Alichukua chaki akachora jedwali kwenye mlango wa jikoni, kwa upande wa ndani, na juu yake akaandika cheo changu. Kuleta chumvi alipotumwa chumvi: Hajafikia. Kumaliza ngazi alizozianza: Hajafikia. Kumwacha mwenzake amalize sentensi: Hajafikia, na hapo alipigia mstari. Kukoroma: Amevuka.

Dada yangu alipokuja kuchungulia nilimtegemea, maana ni damu yangu. Akaupitia mlango juu mpaka chini, akacheka mpaka akaegemea jiko, kisha akasema, "Wifi, umemwonea. Kigezo cha kunyamaza huyu hakukifikia tangu tumboni. Mama alisema alikuwa anapiga teke kila mtu mwingine akizungumza." Watoto wangu sasa wanapita jikoni wakisoma mlango kama ubao wa matokeo.

Nikamuuliza Mama Watoto nifanye nini aufute. Akasema, akiendelea kumenya vitunguu wala hakuninyanyulia macho, "Baba, mwachie mtoto spana mara moja. Mara moja tu. Nitafuta mlango mzima na kupaka rangi juu." Mpwa wangu alikuwepo. Alikuwa ameinamia simu yake, anaperuzi lile jedwali juu chini, juu chini, kana kwamba wekundu unaweza kuchoka. Ndipo nilipojua ni lazima nikuandikie wewe.

8. Kuhusu bomba la getini kwenu.

Nilipokuja chuoni kufuatilia niliona bomba la pale getini linadondoka. Tone, tone, mbele ya bango lililoandikwa "Ufundi ni Uhai". Nani ana kisanduku cha kijani cha bomba lile? Nilitaka kulitengeneza, mlinzi akanishika mkono. Akaniuliza kama nina kibali. Mkuu, mtu aliyenyanyuliwa na bomba kuu la mji mpaka usawa wa paa la benki anaulizwa kibali na mtu mwenye filimbi!

Kwa hayo yote, nadai yafuatayo, wala siombi. Vigezo vyote vifutwe, leo, kwa wanafunzi wote, ili isionekane napendelea wa kwangu. Mahali pavyo iwekwe alama moja ya jumla, kama ya zamani, inayopikwa kwa pamoja mpaka kila kitu kilainike. Mikono ya ukoo ihesabiwe mkono mmoja. Mwalimu wa rangi aje nyumbani kwangu aombe radhi, akitazama lile sinki. Cheti kimfikie mpwa wangu kabla ya Ijumaa jioni.

Mkishindwa, nitafungua chuo changu mwenyewe hapahapa nyuma ya soko. Kitakuwa na kigezo kimoja tu, kinachosema: "Je, Mjomba ameridhika?" Na nakuhakikishia kila mwanafunzi atakuwa kijani kabla ya chai.

Nisalimie walimu wote, wenye rangi na wasio na rangi. Msalimie yule katibu wako aliyenipa kiti pale mapokezi bila kunidai ushahidi kwamba nimechoka. Huyo ana akili, mpandishe cheo. Mlinzi mwambie nimemsamehe lakini filimbi yake haijanisamehe. Wapishi wa chuo, watunza bustani na wanafunzi wote wanaoteswa na visanduku, wape salamu zangu, waambie Kidole Gumba yuko upande wao. Nawe usalimie nyumbani kwako, hasa jikoni, mahali ambapo ukweli wa fundi hujulikana.

Nabaki mimi, mwenye vidole vyote na akili zote,

Fundi Kidole Gumba,
Msimamizi wa Mafunzo Kazini (barua yenye muhuri ninayo)

Nyongeza.

Ndugu Mkuu, utaona mwandiko umebadilika, umenyooka. Anayeandika sasa ni mpwa wangu, mimi nasema. Kidole gumba changu cha kulia kimefungwa bendeji, hakishiki kalamu.

Leo Jumatano asubuhi, kabla sijaifunga bahasha, niliwasomea barua hii Mama Watoto, dada yangu na mpwa wangu, jikoni, nimesimama mbele ya sinki kama mhubiri. Nilipofika kwenye namba tatu, pale pa tyubu ya baiskeli na gundi ya viatu, lile sinki likajibu. Bomba linalopandisha maji kwenye koki liliachia, likaja na nati yake kaidi, maji yakampiga paka ukutani.

Nikafanya nilichokifanya mbele ya soko. Nilichomeka kidole.

Safari hii pia hakikutoka, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu hakikutaka kutoka hata nilipokiomba. Kilivimba ndani. Nikawa nimelala chini ya sinki, mkono mmoja bombani, na wa pili nilipounyoosha kutafuta spana, Mama Watoto aliukamata kwa mikono yake yote akaukalia. Dada yangu akatoa simu. Nilidhani anaita gari la wagonjwa. Alikuwa anarekodi.

Mpwa wangu akatoka nje, akafunga koki kuu. Maji yakakatika palepale, jambo ambalo bado nalitafakari. Akarudi, akavaa glavu, akapiga goti mbele yangu akasema, "Mjomba, nieleze tatizo, halafu nitakueleza nitakachofanya." Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimemweleza pamoja na habari za bomba kuu na paa la benki, akasikiliza nazo. Halafu akapima. Mkuu, alipima karibu na kidole changu, akaweka alama kwa penseli, akapima tena, na safari hii sikuona haraka ya nini. Akakata bomba nyuma ya alama, nikatoka nimevaa kipande chake kama pete. Akakivua kwa sabuni. Nikasema, "Sasa nipe hiyo spana nimalizie." Mama Watoto akakaa vizuri zaidi.

Akaweka bomba jipya na mpira wa dukani. Akafungua koki kuu kidogo kidogo, akapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, akanionyesha: imekauka. Akafagia. Akaniandikia risiti, mimi mjomba wake. Dada yangu alikuwa anarekodi huku analia, ndiyo maana picha inacheza kidogo. Naomba isimpunguzie mtoto.

Video imepandishwa. Wakati nasema maneno haya, mpwa wangu anaitazama simu kwa jicho moja na kuandika kwa la pili, na visanduku vinageuka kijani kimoja baada ya kingine. Kile cha kumsikiliza mteja kimekuwa bluu. Kimebaki chekundu kimoja tu. Ni ushuhuda wa msimamizi.

Basi ushuhuda wangu ndio huu, na mwalimu asiniulize tena unamhusu nani. Mwanafunzi alifanya kazi yote. Mimi nilimsimamia kwa karibu mno, maana nilikuwa sina pa kwenda. Mpwa wangu anataka niishie hapo. Lakini ongeza, mwanangu, andika: anafaa. Hospitali impokee. Mimi nikilazwa pale, na bomba likapasuka, nitalala.

Kwa hiyo, Mkuu, malalamiko ya namba moja mpaka nane yaacheni kama yalivyo, karatasi nzuri hizi siwezi kuzichana. Lakini tafadhali msiyatekeleze. Na kama mmeshaisoma barua kuanzia juu mkaogopa, mkavifuta vigezo, nawasihi vigezo vyote virudishwe haraka, hadi Ijumaa jioni walau, na chekundu kile kigeuzwe leo. Barua anaileta mpwa wangu mwenyewe. Mlinzi amruhusu, na akiona inafaa alitazame lile bomba la getini.

Mlango wa jikoni Mama Watoto ameufuta kama alivyoahidi. Kukoroma kumebaki.

Mwisho, nimemwomba mpwa wangu aandike kwamba kidole changu ndicho kilichoyazuia maji mpaka yeye akaifikia koki. Amekubali kuandika, kwa sharti kwamba aandike pia kuwa kwenye video maji yanaonekana yakipita pembeni.